Laocoon hakuhitaji kufufuliwa na AI

Siku hizi ukishika simu hukosi kukutana na zile klipu za sanamu za kale zilizochezeshwa na akili mnemba. Mtu anachukua picha moja ya sanamu ya Kigiriki au ya Kirumi, anaipandisha kwenye programu, dakika chache baadae jiwe linapumua, linapepesa macho, linageuza shingo. Iliyonifikia mimi kwenye magrupu zaidi ya mara moja ni ya Laocoon, ile sanamu ya marumaru ya baba na wanae wawili waliokamatwa na nyoka, iko makumbusho ya Vatikani kule Roma. Kwenye klipu nyoka wanajiviringisha kweli, mzee anaachama na kupiga ukelele, watoto wanatapatapa, na chini yake watu wanaandika hatimaye imepewa uhai, mwingine anasema sasa ndo kaelewa. Mi nadhani hajaelewa, kaeleweshwa vibaya. Sanamu hii ilikuwa na mwendo na uchungu wake kamili tangu siku inatoka kwenye tindo, na ilichofanya programu ni kuitolea maamuzi ambayo wachongaji waliyaona wakayakwepa kwa makusudi. Na wala sio mara ya kwanza, watu walianza kumuongezea Laocoon chumvi karibu miaka 500 kabla ya AI, kwa hiyo tukitaka kujua shida ya hizi klipu iko wapi tuna historia nzima ya kuangalia.

Kisa chenyewe kwa ufupi kwa ambaye hakijui. Wagiriki wameuzingira mji wa Troya miaka 10 wameshindwa kuingia, wakajifanya wameondoka, wakaacha farasi mkubwa wa mbao ufukweni, askari wamejificha ndani yake. Laocoon, ambaye ni kuhani, akawaambia wenzake hicho kitu msikiamini, akarusha mkuki ukamkita farasi ubavuni. Muda si mrefu wakatokea nyoka wawili baharini upande wa kisiwa cha Tenedos, wakaja moja kwa moja mpaka pale alipokuwa anachinja fahali la sadaka, wakamkamata yeye na wanae. Watu wa Troya wakatafsiri kwamba miungu imemuadhibu kwa kumchoma mkuki farasi mtakatifu, wakabomoa ukuta wa mji wenyewe kwa mikono yao wakamuingiza ndani, na usiku ule ule mji ukaisha. Yani anayekufa pale ni mtu aliyekuwa sahihi, na kifo chake ndo kinageuzwa kuwa ushahidi kwamba alikosea. Hivi ndivyo Virgil, mshairi wa Kirumi, anavyokieleza kwenye kitabu cha pili cha utenzi wake wa Aeneid, na inabidi tumshike huyu Virgil vizuri maana tutamrudia.

Sanamu yenyewe tunaijua kwa maandishi kabla hata haijaonekana. Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, alisema iko kwenye jumba la Titus, mtawala wa Roma, imetengenezwa na mabingwa watatu wa kisiwa cha Rhodes, Hagesander, Polydorus na Athenodorus, na kwamba inazidi kazi zote za uchoraji na za shaba. Akaongeza kuwa imechongwa kwa jiwe moja, hapo alikosea, ni vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa ustadi mkubwa. Wataalamu mpaka leo wanavutana kuhusu umri wake, wengine wanaipeleka karne ya pili kabla ya Kristo, wengine wanaishusha mpaka karne ya kwanza baada ya Kristo, na wapo wanaosema ni nakala ya kazi ya zamani zaidi ya shaba. Mwaka 1957 kule Sperlonga, kusini mwa Roma, pangoni palipatikana vipande vya sanamu nyingine kubwa za visa vya Odysseus, shujaa wa Kigiriki wa vita vya Troya, pamoja na majina ya mabingwa wale wale watatu, lakini hata hilo halikumaliza ubishi. Mi siufuatilii sana, kwa hoja yangu inatosha kujua kwamba watu hawa walikuwa wanaijua kazi yao kuliko sisi tunavyoijua.

Tarehe 14 Januari 1506 ikaibuka kwenye shamba la mizabibu la Felice de Fredis hapo hapo Roma. Papa Julius II akamtuma msanifu wake Giuliano da Sangallo akaangalie, naye akaenda na Michelangelo, yule mchongaji maarufu, na kwa simulizi ya mtoto wa Sangallo, ambaye alikuwepo, baba yake alipoiona tu alisema hii ndo Laocoon anayoitaja Plinio. Papa akainunua akaiweka kwenye ua wa Belvedere pale Vatikani. Tatizo, mkono wa kulia wa baba haukuwepo. Na hapa ndo historia ya chumvi inapoanzia, kwa sababu karibu kila mtu aliyeangalia lile bega lililokatika aliona mkono ulionyooshwa juu, kishujaa, unamvuta nyoka kuelekea mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1530 Montorsoli, fundi aliyefanya kazi na Michelangelo, akaweka mkono wa namna hiyo, na kwa muda mrefu sana hiyo ndo Laocoon ambayo dunia iliijua, ikachorwa hivo, ikachapwa hivo, ikaigwa hivo. Inasemekana Michelangelo mwenyewe aliamini mkono ulikuwa umekunjwa kurudi nyuma ila mkunjo hauna shangwe bana, watu walitaka shangwe.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1900 Ludwig Pollak, mtaalamu wa mambo ya kale na mfanyabiashara wa sanaa aliyezaliwa Prague, akaukuta mkono wa marumaru kwenye karakana ya mafundi mawe hapo Roma. Ulikuwa umekunjwa kwenye kiwiko, nyuma ya kichwa. Akaukabidhi Vatikani, ukakaa nusu karne bila kufungwa, ukaja kurudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950 (Pollak hakuiona siku hiyo, alikuwa Myahudi, Oktoba 1943 Wanazi walimkamata Roma na familia yake wakapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz). Ukilinganisha picha za kabla na baada utashangaa kipande kimoja kinavyogeuza kila kitu. Na ule mkono wa Montorsoli nguvu yote inapanda mstari mmoja kutoka mguu wa kushoto mpaka ngumi ya kulia, inatoka nje ya sanamu, unaona mtu anayepambana na anaweza hata kushinda. Na mkono wa Pollak ile nguvu inapofika juu inakunjwa, inarudishwa kichwani, mduara unafunga. Anabana nguvu zote alizonazo na hazina pa kutokea. Huo ndo uchungu wa hii sanamu, na ulipotea zaidi ya miaka 400 kwa sababu ya mtu mwenye nia njema aliyetaka kuongeza mwendo.

Sasa huo mwendo unafanyaje kazi kwenye jiwe ambalo haliendi popote, hapa naomba tusiwe na haraka. Angalia kwanza nyoka wamekaa wapi. Virgil anasema walimzungushia Laocoon mara mbili kiunoni na mara mbili shingoni, na ukisoma inatisha kweli. Wachongaji wakaacha. Mizunguko yao imeshuka kwenye miguu na imepanda kwenye mikono, kiwiliwili chote kimebaki wazi. Lessing, Mjerumani aliyeandika kitabu kizima mwaka 1766 kuhusu tofauti ya ushairi na sanaa ya kuonekana akianzia na sanamu hii, alilishika hili vizuri sana: ukimfunika tumbo na shingo umefunika sehemu ambazo maumivu yanaonekana, na hata zile nguo za ukuhani alizovaa kwenye utenzi zimevuliwa kwa sababu hiyo hiyo. Halafu njoo kwenye kiuno, upande wa kushoto, pale nyoka anapong'ata nyongani. Goethe, mshairi wa Kijerumani, mwaka 1798 alieleza kitu ambacho ukishakiona huwezi kuacha kukiona, kwamba miguu bado iko kwenye lile pambano la kabla ya kung'atwa, inasukuma na kukaza, lakini sehemu ya juu tayari imepata habari, tumbo limeingia ndani, kifua kimetuna, kichwa kimeelekea upande wa jeraha. Mwili mmoja una sekunde mbili tofauti ndani yake. Jicho lako likipanda kutoka mguuni kwenda kichwani linapita kutoka iliyotangulia kwenda inayofuata, wewe ndo unayeuendesha muda, tena kwa kasi yako.

Kisha wanae. Yule mdogo, ambaye kwako wewe mtazamaji yuko kushoto, ameshalegea, kichwa kimeanguka nyuma, yeye kesi yake imeisha. Baba yuko katikati ya kesi. Yule mkubwa upande wa kulia anajitahidi kujitoa kwenye mzunguko wa mguuni huku amemgeukia baba yake na kumtazama, na yeye bado haijajulikana. Kwa hiyo ukitazama kulia kwenda kushoto una mwanzo, kati na mwisho wa jambo lile lile kwenye jiwe moja (sawa, vipande kadhaa). Kwenye simulizi ya zamani zaidi ya Wagiriki, kwa muhtasari uliotufikia, nyoka wanamuua Laocoon na mmoja tu wa wanae. Virgil anaua wote. Wachongaji hawakuchagua, wamemuacha yule kijana kwenye mlango, na kila anayeitazama sanamu kwa umakini anaanza kumpigia hesabu, atatoka, hatoki. Kwenye klipu niliyotumiwa nyoka anampanda mpaka kifuani ndani ya sekunde tatu. Swali lililokuwa wazi tangu enzi za Warumi limejibiwa na programu ambayo hata haikujua kuna swali.

Tuje kwenye ukelele maana ndo kitu watu wanachokisifia zaidi. Kwa Virgil, Laocoon anapiga kelele za kutisha mpaka kwenye nyota, kama fahali lililojeruhiwa madhabahuni likakimbia na shoka halijaingia sawasawa. Kwenye sanamu mdomo umefunguka kidogo tu. Winckelmann, Mjerumani mwanahistoria wa sanaa, mwaka 1755 akasema hii ni roho kubwa iliyotulia ndani ya mateso, kama kilindi cha bahari kinachobaki kimya hata juu pakichafuka, na kauli yake ya usahili wa kiungwana na ukuu uliotulia ikatawala Ulaya. Kusema ukweli hapo alipitiliza. Ukiangalia zile nyusi zilivyopinda, misuli ya mbavu, ule mguu, utulivu uko wapi? Ila jambo moja aliliona sawa, kwamba kifua kimejaa na pumzi imebanwa. Na mtu aliyebana pumzi hawezi kupiga kelele, kelele inatoka pumzi ikiachiwa. Kwa hiyo sanamu imekamata pale kabla. Lessing akalifikisha mahali pake: akipiga kite tu, akili yako inaweza kusikia ukelele, akipiga ukelele wenyewe akili haina pa kupanda wala pa kushuka. Ni kama penalti, mguu umeshaenda nyuma na mpira haujaguswa, uwanja mzima umeshika pumzi, mpira ukishaingia wavuni kila mtu anajua la kufanya. Klipu inakuonyesha mpira wavuni, tena inarudia na kurudia kwa sababu ndivyo hizo video zinavyozunguka.

Kuna na ile ishu ya paji la uso ambayo mi naipenda sana. Duchenne, daktari Mfaransa aliyekuwa akichezesha misuli ya uso kwa umeme, alitoa kitabu mwaka 1862 akasema paji la Laocoon haliwezekani kwa binadamu, nyusi zikipanda vile kwa uchungu mikunjo ya katikati inatokea lakini ile inayovuka paji zima haiwezi kuwepo kwa pamoja nayo. Akatengeneza hadi toleo lililosahihishwa. Mwaka 1872 Darwin, yule mwanasayansi wa Kiingereza, akalirudia hilo kwenye kitabu chake cha hisia, akakubali ni kosa la kianatomia, ila akasema watu waliokuwa waangalifu namna ile pengine waliutoa ukweli sadaka kwa ajili ya uzuri, kwa sababu mikunjo sahihi isingependeza kwenye marumaru. Mi naenda mbele kidogo, nadhani lile paji lisilowezekana linafanya kazi ile ile ya kiwiliwili, linaweka hali mbili kwenye sura moja. Programu ya AI imefunzwa kwa mamilioni ya nyuso halisi na inachokifanya ni kukisia sura inayofuata kwa uwezekano mkubwa, kwa hiyo lazima isahihishe kama Duchenne, na ikisahihisha unabaki na mzee wa kawaida anayelia.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Kwanza, Goethe huyo huyo ninayemtegemea alishauri usimame mbali kidogo ufumbe macho, ufungue na kufunga haraka, utaona marumaru yote inatembea, au uende usiku na mwenge, mwali ukicheza misuli nayo inacheza. Aliiita radi iliyosimamishwa, wimbi lililogeuka jiwe wakati linakaribia ufukwe. Huyu mtu alitaka mwendo, huwezi kusema kuutaka ni ushamba. Pili, huwezi kuwabeza wanaoiona kwenye simu tu, Winckelmann aliandika yale ya 1755 akiwa Dresden, Ujerumani, kabla hajafika Roma, Lessing naye kitabu kilitoka miaka karibu 10 kabla hajaitembelea Italia, wote wawili wakati huo walikuwa wanategemea nakala na michoro. Wengi wetu huku Vatikani hatutaikanyaga, viza na nauli tunazijua, na kama klipu imemfanya mtu atafute jina la Laocoon mi sina ugomvi nae. Tatu, tusijifanye marumaru nyeupe ni takatifu, sanamu za kale kwa kawaida zilipakwa rangi, macho, nywele, midomo, kwa hiyo huo weupe tunaoulinda nao ni ajali ya muda. Hoja zote tatu nazikubali na hamna hata moja inayotetea kubadilisha kilichotokea kwenye sanamu. Mwenge wa Goethe unasogeza mwanga, Laocoon anabaki pale pale. Rangi ingemfanya awe mkali zaidi na bado hajapiga kelele.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayorudiwa sana, kwamba wale mabingwa wangekuwa na video wangetumia video, walikwama na jiwe kwa sababu hawakuwa na kingine. Hii inaonekana ya akili mpaka ukumbuke Wagiriki ndo watu wa tamthilia. Sophocles aliandika tamthilia ya Laocoon, imepotea vimebaki vipande tu, lakini ilikuwepo. Walikuwa na jukwaa, waigizaji waliovaa vinyago, kwaya, sauti, miili inayotembea, maelfu ya watu wamekaa wanaangalia mtu analia kwa sauti. Mwendo na ukelele walikuwa nao wa kutosha. Wakataka pia kitu kingine, kitu kisichopita, unachoweza kukizunguka na kukirudia na kikakukuta ulipo, wakakata marumaru kwa gharama na jasho jingi ili wakipate. Kusema walikuwa wanasubiri kamera ni kuwafanya watoto waliokosa midoli.

Ninachokiogopa zaidi ni kitakachotokea mbele, na hapa simlaumu aliyetengeneza klipu kwa kujifurahisha. Picha za Laocoon zilizojaa intaneti ni mchanganyiko, kuna za sasa zenye mkono wa Pollak, kuna za zamani zenye mkono wa Montorsoli, na kuna nakala, maarufu zaidi ile ya mchongaji Bandinelli ya miaka ya 1520 iliyoko Florence, nayo ina mkono wake wa kubuni. Mashine haijui ipi ni ipi. Kwenye klipu yangu mkono ulioanza umekunjwa ukanyooka juu kabisa, sijui kama ni kwa sababu ya hizo picha au ni kwa sababu tu mkono uliokunjwa kwenye video lazima ukunjuke, ila matokeo ni kwamba kosa lililochukua miaka 400 kuondolewa limerudi kwa sekunde moja na halina hata saini ya Montorsoli tuweze kubishana nae. Zile klipu zikishaanza kuingia kwenye masomo, kwenye video za historia, kwenye matokeo ya kwanza mtu akitafuta jina, kuna kizazi kitakachoijua ile inayopiga kelele na kuiona ya Vatikani kama toleo lililokwama. Kiwango cha chini basi iandikwe juu yake kwamba mwendo huu umebuniwa, na mkono uliotumika ni upi.

Na kama kuna mtu ana hiyo teknolojia na ana muda, kazi ipo. Tengenezeni klipu ambayo sanamu haisogei hata unywele, mwanga tu ndo unazunguka kama alivyotaka Goethe, uanzie kwa yule mkubwa, upite nyongani kwa baba, uishie kwa mdogo, halafu urudi. Wekeni na rangi za kukisia mkiziandika kuwa za kukisia, wekeni mikono yote miwili ya kulia kwa zamu, wa Montorsoli kisha wa Pollak, watu waone wenyewe tofauti. Hiyo mi ningei-share kila grupu nililomo.